Safari ya Porini Mezani: Waulize Wachezaji, Usiziulize Dadu

Wachezaji wako wamenunua kamba, mienge na nyama kavu. Wanaondoka mjini kwenda kwenye magofu yaliyo mbali, mwendo wa siku sita. Wewe, mchezeshaji, au DM kama wengi tunavyosema, unarusha dadu. Siku ya kwanza: hakuna kitu. Ya pili: mbwa mwitu. Ya tatu: hakuna kitu. Ya nne: mbwa mwitu tena. Ukiinua macho, mmoja yuko kwenye simu, mwingine anajenga mnara kwa dadu zake.

Nayajua haya kwa sababu niliyafanya. Safari ya kwanza niliyoichezesha, ya siku kumi na mbili, ilimaliza vikao vitatu, na baadaye hakuna aliyeweza kunisimulia hata siku moja katika hizo. Kosa halikuwa la wachezaji, wala la mbwa mwitu. Nilikuwa naziuliza dadu kila asubuhi. Wachezaji sikuwauliza chochote.

Kwa hiyo shika hili kabla ya mengine: kila kipande cha safari kiwe na swali, na kila jibu liwe na bei. Bei inaweza kuwa chakula, muda, damu, pesa au siri. Mtu hukumbuka alicholipia. Mifano yangu mingi ni ya Dungeons & Dragons toleo la tano, lakini mbinu zenyewe zinahama nawe popote unapochezesha.

Kwanza, je, mnasafiri kweli?

Si kila safari inastahili kuchezwa. Kama barabara ni salama, farasi wapo na hakuna anayewakimbiza, sema hivi: "Siku nne baadaye mnaiona minara ya mji. Miguu imejaa vumbi na mmebakiwa na mkate mmoja." Imetosha. Hakuna aibu kuruka.

Chezesha safari pale ambapo muda unawabana, au njia hawaijui, au katikati kuna kitu wanachoweza kukipata au kukikosa. Moja tu kati ya hayo linatosha. Kama hakuna hata moja, peleka watu kwenye magofu mapema, ndiko wanakotaka kwenda.

Toa njia mbili, kisha nyamaza

Tuseme wanaelekea kwenye nyumba ya watawa iliyoachwa juu ya mlima. Barabara ya zamani ni siku sita. Ina visima, lakini ina daraja, na darajani kuna zimwi anayetoza ushuru. Njia ya bondeni ni siku tatu. Siku ya pili haina maji kabisa, na wachungaji wanasema usiku kule watu huitwa kwa majina yao na sauti wasizozijua. Ukishasema hivyo, funga mdomo. Waache wabishane. Ubishi huo ndio mchezo wenyewe, na wewe hujarusha dadu hata moja.

Wachezeshaji wengi huharibu hapa kwa kuficha habari. Njia panda ambayo wachezaji hawajui kilichopo upande wowote ni sawa na kurusha shilingi. Wape angalau jambo moja la kweli kuhusu kila njia kabla hawajachagua: uvumi wa sokoni, mzee aliyepita huko mwaka jana, ramani yenye doa la damu. Uvumi mmoja wa uongo unaruhusiwa, mradi wangeweza kuugundua kwa kuuliza zaidi.

Wakiwa njiani, endelea na mtindo huohuo kwa udogo. Mvua imejaza mto. Mnasubiri siku nzima maji yapungue? Mnavuka sasa, huku mizigo ikiwa hatarini? Au mnazunguka hadi kwenye kivuko cha mtu mnayemdai na anayewakwepa? Swali moja la namna hiyo kwa siku linatosha. Mawili ni mengi.

Ramani yenye hesabu nyepesi

Kitabu cha wachezaji cha D&D cha mwaka 2014 kinatoa mwendo wa aina tatu: maili 30 kwa siku kwa anayekwenda haraka, 24 kwa mwendo wa kawaida, 18 kwa anayekwenda taratibu. Anayeharakisha anapungukiwa pointi 5 katika kugundua hatari. Anayekwenda taratibu anaweza kunyata. Ardhi ngumu, kama kinamasi au msitu mnene, inakata mwendo nusu.

Chora ramani yako kwa vyumba vya pembe sita, ambavyo wachezaji huviita heksi, na kila heksi iwe na upana wa maili 6. Mara moja hesabu inakuwa ya kichwani: heksi tano kwa haraka, nne kwa kawaida, tatu kwa taratibu. Hutahitaji kikokotoo. Kila asubuhi uliza, "Leo mnakwenda kwa mwendo gani?" Hilo tayari ni swali lenye bei.

Heksi hizi si mtindo mpya. D&D ya kwanza kabisa, ya mwaka 1974, iliwaelekeza watu watumie ubao wa mchezo mwingine, Outdoor Survival wa kampuni ya Avalon Hill, kwa ajili ya safari za nje. Ulikuwa ubao wa heksi. Watu wamekuwa wakipotea porini mezani tangu siku hiyo.

Ramani yenye heksi ibaki kwako. Wachezaji wape karatasi yenye mji walipo na mlima wanaouona kwa mbali, halafu wachore wenyewe kadiri wanavyokwenda. Watakosea. Usiwasahihishe.

Siku nayo igawe mara nne: asubuhi, mchana, jioni, usiku. Mchezo wa Forbidden Lands umejengwa juu ya robo hizi za siku, na ukishazizoea huwezi kurudi nyuma. Katika robo moja, kundi linafanya jambo moja: kutembea, kuwinda, kupeleleza au kulala. Robo mbili za kutembea ni siku ya kawaida. Wanaotaka kuongeza robo ya tatu, wape, lakini kwa uchovu. D&D nayo inakubali: ukipita saa nane za kutembea, kila saa ya ziada unajaribu Constitution yako, yaani ustahimilivu wa mwili, na ukishindwa unapata kiwango cha uchovu.

Kidogo kuhusu hizo maili 24. Ni ukarimu mkubwa. Wavumbuzi Burton na Speke waliondoka pwani yetu Juni 1857 na kufika Kazeh, yaani Tabora ya leo, Novemba mwaka huohuo. Njia yao ilikuwa ya maili 600 hivi. Kwa kitabu cha kanuni, hizo ni siku 25. Wao walitumia zaidi ya miezi minne: homa, wapagazi kutoroka, mizigo, mazungumzo yasiyokwisha ya ushuru. Wachezaji wako wakiondoka na punda wanane na vibarua wa kukodi, kata mwendo nusu na usijisikie vibaya.

Kila mtu na kazi yake

Mchezo wa The One Ring, wa dunia ya Tolkien, una kanuni ninayoiazima kila mara. Msafara una nafasi nne: kiongozi wa njia, mpelelezi, mwindaji na mlinzi. Kila asubuhi uliza nani anafanya nini. Mtu mmoja, kazi moja. Jambo likitokea, mwenye kazi hiyo ndiye anayerusha dadu na ndiye anayesimulia. Kimya cha wachezaji waliokuwa wakisubiri vita tu kinaisha hapo hapo.

Ukiwa na mchezaji wa tano, mfanye mchoraji wa ramani au mpishi. Usimdharau mpishi. Kwenye meza yangu ndiye aliyegundua kwamba uyoga ulikuwa unatembea.

Majina ya kazi hizi unaweza kuyapata karibu zaidi kuliko unavyodhani. Misafara ya karne ya 19 kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ilikuwa na kirangozi aliyetangulia mbele, wanyapara waliosimamia watu, wapagazi na askari. Majina hayo yana uzito mdomoni kuliko "mtaalamu wa mwelekeo". Yatumie.

Chukua na mbinu zao pia. Hongo, kwa mfano, ilikuwa ushuru uliolipwa kwa mtawala ili msafara upite kwenye nchi yake. Mezani ni kisa kizuri kisicho na upanga: mtemi anataka vitambaa ishirini, kundi lina kumi na viwili, na wapiganaji wake wanaonekana kwenye kilima. Zimwi wa darajani ni hongo hiyohiyo, ila ana meno makubwa.

Nyingine ni terekeza. Msafara ukikabiliwa na nyika isiyo na maji, kama Mgunda Mkali kati ya Ugogo na Unyamwezi, ulikunywa na kujaza vibuyu mchana, ukatembea hadi giza, ukalala pakavu, kisha ukaondoka alfajiri hadi maji yanayofuata. Ifanye kanuni: kundi likiamua kuterekeza, linapata robo moja ya ziada ya kutembea bila kupimwa uchovu. Bei yake ni kwamba usiku huo hakuna moto wala kupika, na maji yakikosekana asubuhi, wote wanapimwa kwa mpigo. Bonde letu la siku tatu lina utamu gani bila terekeza? Huna haja ya kuweka nyoka hata mmoja.

Chakula kwenye kikombe

Usihesabu chakula kwa uzito. Hakuna anayefanya hivyo kwa uaminifu baada ya kikao cha pili. Weka kikombe cha maharage katikati ya meza. Harage moja ni chakula cha mtu mmoja kwa siku moja. Kila jioni kila mchezaji anachukua moja. Utaona macho yao yanavyokifuata kikombe kinavyopungua. Mwindaji akifanikiwa, rudisha maharage mawili au matatu. Mto ukichukua mzigo, geuza kikombe na umwage konzi moja bila kusema neno.

Hapa kuna mchezaji atakayetabasamu na kutaja Goodberry. Huo ni uchawi wa ngazi ya kwanza unaotoa matunda hadi kumi, na kila tunda linamtosha mtu siku nzima. Au atakuwa na historia ya Outlander katika toleo la 2014, inayomwezesha kutafutia chakula yeye na wenzake watano pale ardhi inapokuwa na cha kula. Usimzuie. Alichagua uwezo huo ili siku moja umfae, na siku hiyo ndiyo leo. Mpongeze, ondoa kikombe, na uhamishie bei kwenye muda na uchovu.

Ila ukumbuke kwamba nafasi ya uchawi iliyotumika kulisha watu ni nafasi isiyokuwepo vitani. Bei hiyo ina maana tu kama kulala hakurudishi kila kitu. Na hapo ndipo safari nyingi za D&D zinapofia.

Usingizi usiwe wa bure

Tazama hesabu. Usiku mmoja wa kulala katika toleo la tano, yaani mapumziko marefu, unarudisha pointi zote za uhai na uchawi wote uliotumika. Porini, kundi hukutana na hatari moja kwa siku, pengine hakuna. Kwa hiyo kila pambano linakuta watu waliojaa nguvu, wanamwaga kila walicho nacho, wanalala, wanaamka wapya. Unaweza kuwaletea joka kila siku na bado wasihisi kwamba wako mbali na nyumbani.

Kitabu cha mchezeshaji cha 2014 kina kanuni ya hiari: mapumziko mafupi yachukue saa nane, na marefu siku saba. Inafanya kazi. Mimi naiona nzito, maana wiki nzima ya kukaa inavunja mbio za hadithi. Yangu ni hii: mapumziko marefu hupatikana tu mahali salama, penye ukuta, moto na mtu mwingine wa kukesha. Kijiji, nyumba ya wageni, hekalu, pango mlilolisafisha na kuliziba. Usiku wa porini ni mapumziko mafupi tu.

Kanuni hii itabadilisha safari zako kuliko mbinu nyingine yoyote hapa. Ghafla kibanda cha mvuvi kwenye ramani kina thamani kuliko sanduku la dhahabu. Kundi linamtendea vema mwenye kibanda. Linakubali kuzunguka siku nzima ili lifike kwake. Linajiuliza kama jeraha la asubuhi linaweza kusubiri.

Sharti moja: waambie kabla ya kuondoka mjini. Ukiwabadilishia usingizi wakiwa siku ya tatu msituni, watakuona mwizi, na watakuwa na haki.

Kiumbe awe na shughuli

Usiandike "mbwa mwitu 6". Andika wanachofanya. "Mbwa mwitu wanne wanamfuata punda aliyejeruhiwa, na punda amebeba mizigo ya mtu." Tofauti unaiona. Wa kwanza wanasubiri kupigwa. Wa pili wana shida, na punda ana mwenyewe mahali fulani.

Kwa bonde letu nimeandika mengine matano kwa dakika kumi. Wachungaji wawili wanagombana juu ya kaburi. Goblini yuko juu ya mti analia, na chini yake dubu amelala. Mazimwi wawili wanamsaka mwenzao aliyetoroka na pesa za ushuru. Chungu kinachemka jikoni, na aliyewasha moto hayupo. Wafanyabiashara waliopotea wana dhahabu nyingi na maji hakuna. Pamoja na mbwa mwitu ni sita, unayachagua kwa dadu moja. Kwa eneo moja yanatosha kabisa.

Kila robo ya siku rusha dadu ya nyuso sita. Ikija 1, wanakutana. Ikija 2, wanaona ishara kwanza: nyayo, mavi mabichi, moshi, ndege walionyamaza. Ishara ni bora kuliko mkutano wenyewe, kwa sababu inakuja na swali. Mnaifuata, mnaikwepa au mnajificha mngojee?

Kisha rusha dadu mbili kujua kiumbe ana hali gani. Hii ni kanuni ya zamani ya D&D, na sielewi kwa nini watu waliiacha. Mbili ni kushambulia mara moja. Kumi na mbili ni urafiki. Katikati ni wasiwasi, na wasiwasi ndiyo mahali pa mazungumzo. Mazimwi wanaotafuta pesa zao wanaweza kuwa wenzenu wa njia kwa siku moja.

Mbinu ya mvivu, na mimi ni mvivu: rusha dadu hizi zote nyumbani, Ijumaa usiku. Ukijua mapema kwamba jioni ya siku ya pili kuna dubu, utatia harufu yake kwenye maelezo ya asubuhi. Mezani utaonekana kama unayejua kila kitu.

Kupotea kuwe na pa kufika

Kirangozi akishindwa jaribio la njia, usimwambie "mmepotea". Urushe wewe dadu yake, nyuma ya kitabu. Halafu sema unachoona: "Jua linazama mkono wenu wa kulia." Acha mtu akumbuke mwenyewe kwamba lilipaswa kuwa kushoto.

Na waliopotea wafike mahali. Katika heksi zinazopakana na njia, weka kitu kimoja kila moja: kisima kilichokauka chenye ngazi, mnara wa mpweke, mti wenye vitambaa vilivyofungwa. Kupotea kunawagharimu robo ya siku na harage moja kila mtu. Kurudia jaribio lilelile hadi wafaulu ni adhabu kwenu nyote.

Maneno machache

Maelezo ya mandhari yawe sentensi mbili, na mojawapo itoke puani, sikioni au mguuni. "Tope linanyonya viatu. Kuna harufu ya chuma." Usianze kila siku na jua linachomoza. Linachomoza kila siku, wanajua.

Hali ya hewa ibadilike tu pale inapobadilisha uamuzi. Ukungu unaoficha daraja, sawa. Mawingu ya kupendeza, waachie wachoraji.

Kambini, mchague mchezaji mmoja kila usiku na umuulize swali moja kuhusu mhusika wake. Nani alikufundisha kuwasha moto? Ungekuwa nyumbani, leo mngekula nini? Dakika mbili, basi. Mara nyingi jibu lake ndilo linanipa kisa cha wiki ijayo.

Safari ya kurudi mimi huiruka kwa sentensi moja. Isipokuwa kama wakati wa kwenda walimpunja zimwi wa darajani. Hapo anza kikao kijacho palepale darajani, zimwi akiwa na ndugu zake wawili na daftari la madeni, na usiwadokezee wachezaji hadi wawe wamekaa.